Shingo ya Agneta na Harusi ya Kitale

Kanduyi nzima, pale Bungoma, iliijua shingo ya Agneta. Haikuwa ndefu wala nyembamba. Ilikuwa tu haijui kutulia. Pikipiki ikipita, Agneta aligeuka. Lango likilia, Agneta aligeuka. Jirani akinunua kochi jipya, Agneta ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua rangi yake.

Asubuhi alifagia uwanja huku redio ikiimba jikoni. Ukipigwa wimbo wa Kibukusu, ufagio ulisimama. Mabega yake yalianza kutikisika, moja mbele, jingine nyuma, upesi upesi, na shingo ikayafuata. Ngoma hiyo ya mabega huitwa kamabeka. Bungoma ina wachezaji wengi wa kamabeka, lakini mumewe, Bramwel Wekoye, alikuwa hajaona wa kumfikia mkewe. Aliyaona mabega hayo mara ya kwanza kwenye harusi ya rafiki yake. Harusi yake mwenyewe haikukawia.

Bramwel alikuwa na duka la chakula cha mifugo kando ya barabara, na gari kuukuu aina ya Probox la kubebea magunia. Kwenye kiti cha abiria alikuwa amekitoa kiegemeo cha kichwa, kile kijimto kinachosimama juu ya kiti. Alisema kinazuia magunia. Kijimto chenyewe alikiweka dukani, nyuma ya kaunta, na wateja wakipungua alikilalia usingizi wa mchana.

"Si ukirudishe?" Agneta alimwuliza siku moja.

"Ya nini, bana? Kiti ni ya kukalia. Kichwa inajibeba yenyewe."

Siku hizo nyumba yao ilikuwa na furaha. Binti yao mkubwa, Roselyne, alikuwa akifanya kazi Kitale, na huko alikuwa amepata mchumba, kijana mpole wa Kikalenjin aitwaye Kipyegon. Harusi ingekuwa kwao Kipyegon. Agneta, mama wa bibi harusi, angeingia uwanjani mbele ya wanawake wote wa Bungoma, akicheza kamabeka. Ndugu wangeweza kumsaidia kupika na kushona nguo. Kazi hiyo ya mabega ilikuwa yake peke yake.

"Wakwe wanajua kukimbia," alisema akicheka. "Wacha waone vile sisi tunacheza."

Juma moja Agneta na Bramwel walikwenda Kitale kuzungumza na wakwe. Waliporudi, karibu na Kiminini, Bramwel alipunguza mwendo ili avuke tuta. Nyuma yao kulikuwa na pikapu iliyojaa kabichi. Yenyewe haikupunguza.

Pu!

Probox ikasukumwa mbele. Mkanda ukamshika Agneta kifuani, lakini kichwa chake kikarushwa nyuma, hakikukuta cha kukizuia, kisha kikarudi mbele kwa nguvu. Kabichi kadhaa zikabiringika barabarani.

Dereva wa pikapu alishuka mikono ikiwa kichwani. "Woi, mzee, pole! Mama, pole sana! Nilikuwa naangalia mzigo kwa kioo."

Bramwel alilizunguka gari. Akamtazama mkewe kutoka utosini hadi miguuni.

"Umeumia?"

"Niko sawa. Nimeshtuka tu."

"Hakuna damu," alisema Bramwel, na moyo wake ukatulia. "Mungu ni mwema."

Bampa ilikuwa imebonyea. Walipeana namba za simu, dereva akaahidi kuinyoosha, na kwa pole akawapa kabichi mbili kubwa. Njia nzima hadi Kanduyi Bramwel aliisimulia ajali hiyo kama kichekesho. Agneta alicheka pia, ila alicheka bila kugeuka. Bramwel hakuliona hilo.

Asubuhi iliyofuata Agneta hakuweza kuinua kichwa kutoka kwenye mto.

"Bramwel," aliita, "shingo yangu imekuwa mti."

Kichwa kilimuuma kuanzia kisogoni. Mgongo ulikuwa mzito kati ya mabega. Bramwel alishangaa. "Jana si ulikuwa sawa?" Hakujua kwamba maumivu ya namna hii mara nyingi hulala kwanza, kisha huamka siku ya pili.

Habari zilienea, na wageni wakaanza kuja. Sasa, kwao mgonjwa anayetembelewa hulala kitandani. Mtu ametoka mbali na kuku kwapani; akimkuta mgonjwa anachambua mboga, atasema ameitwa bure. Basi Agneta alilala. Alilala asubuhi, akalala mchana, akipokea pole na maombi.

Siku iliyofuata akaja Nasimiyu, dada mkubwa wa Bramwel, kutoka Malakisi. Mikono ya Nasimiyu ilikuwa na sifa. Wachezaji mpira walioteguka vifundo vya mguu walipelekwa kwake. Alikuja na chupa ya mafuta.

"Mulamwa," alimwambia Agneta, maana ndivyo mawifi wanavyoitana huko, "hiyo shingo imetoka kwa njia. Nitairudisha leo. Bramwel, shika miguu!"

Bramwel akashika miguu. Nasimiyu akakanda kwa nguvu, kisha akakishika kichwa cha Agneta kwa mikono miwili na kukivuta. Agneta alipiga yowe lililosikika hadi barabarani.

"Sasa imeingia," alisema Nasimiyu, akajifuta mikono.

Haikuwa imeingia popote. Kulipokucha maumivu yalikuwa yamezidi, na kulikuwa na jambo jipya. Vidole vya mkono wa kushoto vya Agneta vilikuwa vinachomachoma, kama vya mtu aliyeukalia mkono wake. Safari hii Bramwel aliogopa waziwazi. Alitoka mbio hadi mlango wa pili.

Hapo aliishi Lorna Chepkemoi. Kwao ni Mlima Elgon, lakini alikuwa akifanya kazi ya tibamaungo hospitalini. Kazi yenyewe ni kuwasaidia watu walioumia warudishe nguvu za viungo kwa mazoezi. Alikuja akiwa bado na taulo begani.

"Mama Rose, usigeuze kichwa. Nijibu tu ukiwa hivyo hivyo," alisema. "Ulizimia siku ya ajali?"

"Hapana."

"Umetapika? Miguu iko na nguvu? Mkojo unaweza kuzuia?"

"Hiyo yote iko sawa. Ni hii vidole tu."

"Ilianza lini?"

Agneta alimtupia mumewe jicho. Bramwel akajibu, sauti chini. "Baada ya dadangu kumvuta shingo."

Lorna hakugomba. Alizikunja taulo mbili akaziweka pande zote za kichwa cha Agneta, ili kisiyumbe.

"Msimwinue. Msimgeuze," alisema. "Mtu akiumia shingo na asikie ganzi ama kuchomwachomwa kwa mkono ama mguu, si mgonjwa wa kukaa nyumbani. Naita ambulensi."

"Ambulensi? Si nimpeleke na Probox?" aliuliza Bramwel.

"Hapana, baba. Kama kuna mfupa umevunjika, kumbeba ovyo kunaweza kumharibu zaidi. Wale wenzetu wako na ubao na wanajua kumshika."

Kungoja kulikuwa kugumu. Bramwel alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mkono wa mkewe ndani ya wake. Agneta alitazama dari.

"Kama sitacheza," alisema polepole, "Rose ataingia kwa watu kimya kimya?"

Bramwel alisogea karibu. Aliubana tu mkono huo.

Hospitalini daktari alimpima nguvu za mikono na miguu, akampiga picha ya shingo na kuichunguza kwa makini. Kisha akatabasamu.

"Mama, hakuna mfupa uliovunjika. Misuli na kano za shingo zimevutika. Kumevimba, ndiyo maana mshipa wa fahamu unalalamika kwa vidole. Kuvuta kuliongeza uvimbe. Kutapungua. Lakini mkono ukianza kulegea, miguu ikidhoofika, au ukishindwa kuzuia haja, rudi hapa mara moja."

Alimpa dawa za maumivu na maelezo ya kuzimeza. Akamruhusu kwenda nyumbani, na akamweka mikononi mwa Lorna kwa mazoezi.

Jioni Lorna alipita kuwaona. Kwenye meza ya jikoni kulikuwa na kabichi moja iliyobaki kati ya zile mbili. Aliichukua, akachukua na mwiko, akauchomeka mpini wa mwiko ndani ya kabichi.

"Baba, shika mwiko hivi, kabichi ikae juu. Sasa sukuma mkono mbele kwa ghafla."

Bramwel akasukuma. Mwiko ukaenda mbele, kabichi ikabaki nyuma, kisha ikarushwa mbele, ikachomoka na kuanguka sakafuni.

"Kabichi ni kichwa," alisema Lorna. "Mwiko ni shingo. Gari ikigongwa nyuma, hata kwa mwendo mdogo, hivyo ndivyo inafanyika. Damu haitoki, lakini ndani kumevutika."

Bramwel aliiokota kabichi.

"Na kama kungekuwa na kitu nyuma ya kabichi?"

"Ndiyo kazi ya kiegemeo cha kichwa. Kinaizuia isirudi nyuma."

Kijimto kile Bramwel alikuwa amekilalia juzi tu, na alikuwa amekoroma.

Lorna alimwonyesha Agneta la kufanya. Aweke mto mmoja tu usio mrefu, ili shingo isikunjwe. Asikubali mtu kuikanda kwa nguvu wala kuivuta. Maumivu yakizidi, aweke kitambaa chenye uvuguvugu. Zaidi ya yote, asilale siku nzima.

"Nitembee na shingo hii?" Agneta aliuliza.

"Tembea nayo, Mama Rose. Daktari ameshahakikisha hakuna mfupa uliovunjika. Sasa shingo ikikaa bila kusonga, itakauka. Tembea kidogo, pumzika kidogo. Kisha geuza kichwa polepole, mpaka pale unaposikia inavuta. Usilazimishe. Kesho itaenda mbele kidogo."

"Na harusi? Nitacheza?"

"Siwezi kukudanganya. Wengi hupona vizuri, lakini kila shingo na mwendo wake. Tufanye kazi, halafu tuisikilize."

Agneta alianza siku iyo hiyo. Alisimama mlangoni, mabega yametulia, akageuza kichwa kuelekea kushoto. Kilifika kwenye bomba la maji, kikakwama. Akarudia baadaye, bomba lile lile. Bramwel aliyaona machozi yakimtoka, na aliona pia kwamba hakuacha.

Shida ilikuwa wageni. Lango likilia tu, Agneta alikimbilia kitandani na kujifunika. Wageni wangekaa, wangeomba, wangekunywa chai, na yeye amelala chali muda wote huo. Walipoondoka, shingo ilikuwa imekauka upya. Lorna aligundua haraka.

"Mama Rose, unafanya mazoezi kweli?"

"Nafanya. Lakini watu nao? Wanikute nimesimama, si watasema nilikuwa najifanya?"

"Wao wataenda kwao. Shingo itabaki na wewe."

Agneta alilifikiria jambo hilo. Kumkatalia mgeni aliyekuja kukupa pole si jambo dogo kwa mama wa heshima. Bramwel alidhani angeshindwa. Kumbe alikuwa hajamjua mkewe vya kutosha, pamoja na miaka yote hiyo.

Kesho yake walikuja kina mama wa kanisani, kundi zima, wamevaa vitambaa vyao vya kichwa. Agneta aliwapokea langoni, amesimama.

"Karibuni," alisema. "Naumwa, asiniambie mtu siumwi. Lakini hospitali imesema nitembee. Kwa hivyo anayenipa pole, anipe tukitembea."

Walitazamana. Mmoja akaguna. Kisha mama mzee kuliko wote akauweka mkoba wake kibarazani, akamshika Agneta mkono, na kundi zima likaanza kuizunguka nyumba polepole, likiomba kwa sauti. Kuku walikimbia. Bramwel, aliyekuwa akitazama kutoka dirishani, alicheka hadi akakaa chini. Halafu akaona fahari kubwa kifuani. Mwanamke huyu alikuwa ameibadilisha desturi bila kumvunjia mtu heshima!

Nasimiyu naye alirudi. Alikuwa amesikia habari za hospitali, na uso wake ulikuwa mzito.

"Kwani mikono yangu imekuwa mibaya?" aliuliza.

"Mulamwa, kaa hapa," Agneta alisema. "Mikono yako ndiyo ilinishika siku Rose anazaliwa. Sitasahau. Lakini shingo si kifundo cha mguu. Ndani yake kumepita mishipa ya fahamu ya mwili wote. Ukiivuta na kuna kitu kimevunjika, mtu anaweza hata kulemaa."

Nasimiyu alitazama viganja vyake. "Sikujua," alisema. "Mungu wangu, Agneta, sikujua."

"Wala sisi. Sasa nisaidie. Hicho kitambaa kinahitaji maji ya moto, na kaka yako anajichoma vidole tu, hajui kukikamua."

Nasimiyu alicheka, akafuta macho, akaenda kuchemsha maji. Alikijaribu kitambaa kwanza kwenye mkono wake mwenyewe, akakilaza shingoni mwa Agneta kwa wepesi, kama anayefunika mtoto. Alikaa nao siku kadhaa, na hakuna aliyemshinda kwa kazi hiyo.

Siku zilipita, si zote nzuri. Kuna asubuhi Agneta aliamka na kichwa kikimuuma, akaketi kibarazani na kulia waziwazi. Akishalia, alisimama mlangoni na kuanza tena. Vidole viliacha kuchoma. Kichwa kikalipita bomba la maji, kikafika kwenye kamba ya nguo ya Lorna. Kilikaa hapo kwa muda mrefu. Lango lilikuwa bado mbali. Likilia, Agneta aligeuka mwili mzima, kama kabati linalosogezwa. Bramwel alikuwa akimtania zamani kwa kugeukageuka kwake. Sasa angetoa chochote aione tena shingo hiyo ikimpeleleza jirani.

Asubuhi moja alikwenda dukani, akakichukua kijimto nyuma ya kaunta, akakipangusa vumbi la pumba. Alimwita Lorna amwonyeshe.

"Kiwe juu namna gani?"

"Sehemu yake ya juu ilingane na utosi. Na kiwe karibu na kisogo. Kikiwa chini sana, hakisaidii."

Agneta aliketi, Bramwel akakipandisha, akakishusha kidogo, akakipandisha tena. Alichukua muda mrefu kuliko anaotumia kuwapimia wateja kwa mizani.

"Nisamehe," alisema. "Kichwa hakijibebi."

"Umejua," alijibu Agneta, akaegemea.

Siku ya harusi ilifika. Waliondoka Kanduyi mapema, Agneta mbele, Nasimiyu na Lorna nyuma, kila mmoja na mkanda wake. Karibu na Kamukuywa simu ya Nasimiyu ililia. Huko Malakisi kijana alikuwa ameanguka na pikipiki, na watu wake walikuwa wanamtafuta mama wa kunyoosha.

"Shingo ndiyo inauma?" Nasimiyu alipaza sauti. "Basi msimguse! Nasema msimvute! Mwacheni alale vile yuko, mshikilie kichwa kisiyumbe, mwite ambulensi. Ati nani amesema? Ni mimi Nasimiyu nimesema!"

Alikata simu, akaangalia nje. Lorna alimshika mkono. Baadaye walipigiwa tena: kijana alikuwa ameshafikishwa hospitalini.

Kitale kulikuwa na jua la kupendeza. Wakwe walikuwa wamejipanga uwanjani, wazee wamevaa makoti, kina mama wanaimba wimbo wao. Wanawake wa Bungoma walisimama langoni wakingoja. Roselyne, katika gauni lake jeupe, alikuwa katikati yao, na macho yake yalikuwa kwa mama yake.

"Mama, kama inauma, usicheze," alinong'ona. "Mimi nitaingia tu."

Agneta alimtazama Lorna. "Anza kidogo," Lorna alisema. "Isikilize."

Litungu, kinubi cha Kibukusu, likalia. Wanawake wakaanza wimbo. Agneta alitembea mbele, polepole, mikono imetulia. Bramwel, nyuma kidogo na wanaume, alisimama kwa ncha za vidole amwone. Bega moja la Agneta likasogea. Likafuata la pili. Moja mbele, jingine nyuma, taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa nyumba aliyoihama. Kisha upesi kidogo. Kisha upesi. Wakwe wakapiga vigelegele. Hakurusha kichwa kama zamani, wala hakushindana na vijana. Alicheza kiasi cha shingo yake, na ilikuwa inapendeza kuliko siku zote ambazo Bramwel alizikumbuka.

Katikati ya uwanja Agneta alimtafuta mumewe. Mwili wake haukugeuka. Mabega yaliendelea na ngoma, yakiwaelekea wakwe. Shingo peke yake ndiyo iliyogeuka, ikapita mahali pa bomba, ikapita mahali pa kamba ya nguo, ikafika nyuma kabisa, na uso wake wote ukatokea juu ya bega, unacheka.

"Bramwel! Umesimama huko unalia nini? Kuja ucheze!"

Bramwel alijifuta macho kwa mkono wa koti, akaenda kucheza.